Maji ya Nyumba ya Mdogo Wangu

Siku mashine ya kuchimba kisima ilipofikia maji uani kwetu Lodwar, nilikuwa darasani nikifundisha hesabu za sehemu kwa watoto wa darasa la tano. Jirani alinipigia simu akaniambia nije haraka, maji yanaruka. Nilimwomba mwalimu mwenzangu aniangalizie watoto, nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu. Tulikuwa tumekaa miaka sita kwenye ploti ile, upande wa mbali na mto, tukinunua maji ya mitungi kwa watu wa mikokoteni. Mume wangu ni dereva wa lori huko Lokichar na hurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Alikuwa amesema kwamba, ukiacha kuwasomesha watoto, kisima ndicho kitakuwa kazi yetu kubwa ya maisha.

Harufu ilinipata langoni. Ilikuwa ya yai viza, na kwanza nilidhani kuna mtu amekanyaga kitu. Watu walikuwa wamesimama kuzunguka bomba lenye matope, wengine wameziba pua kwa leso, wengine wanacheka. Fundi wa mashine aliniambia nisiwe na wasiwasi, ni gesi ya huko chini tu, itaisha tukipampu siku chache. Haikuisha.

Mama yangu alikuwa akiishi nasi wakati huo. Alizaliwa na kukulia upande wa Kaikor, na kabla ya kuja mjini alikuwa amechimba maji maisha yake yote katika mchanga wa laga, ile mito yetu inayokaa mikavu mwaka mzima kisha ikajaa siku moja. Alijua maji kwa ulimi. Bomba lilipoanza kutoa maji meupe nilimkingia yeye kikombe cha kwanza. Alionja, akayakalisha mdomoni, akayameza kwa heshima yangu. Kisha akasema, kwa Kiturkana chake cha polepole, kwamba mbuzi wangeyanywa, lakini wawe mbuzi wa mtu mwingine.

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kidogo.

Tukaanza kuishi na maji hayo. Sabuni ya kipande haikutoa povu. Iliteleza tu mikononi na kuacha utando wa kijivu kwenye beseni. Mashuka yalikauka kwenye kamba yakawa magumu, ukiyakunja yanataka kurudi yalivyokuwa. Birika liliota magamba meupe ndani, na nilipomimina chai vipande vya chokaa viliingia vikombeni. Maharagwe niliyoyaloweka tangu jana yake yalichemka asubuhi hadi saa nane mchana na bado yakawa yanalia kwenye sahani. Bangili za shaba za Mama, alizovaa tangu alipoolewa, zilibadilika rangi zikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Kila asubuhi alikaa kizingitini akizisugua kwa mchanga bila kusema neno. Angelalamika ningeweza kujibu. Kimya chake ndicho kilichoniuma.

Niliwaambia watu kwamba tutazoea. Nilinunua chai ya majani makali zaidi, nikaongeza tangawizi, nikaongeza iliki. Chai ikawa na ladha ya yai viza lenye iliki.

Ndipo mdogo wangu akapata maji Kakuma.

Tumezaliwa wasichana wawili tu, mimi na yeye, na tofauti yetu ni miaka saba. Mimi nilisoma nikamaliza, nikawa mwalimu, nikajenga nyumba yenye sakafu ya simiti, nikamleta Mama aishi humo. Yeye aliacha shule kidato cha pili akaenda Kakuma, akafungua hoteli ya mabati karibu na kambi ya wakimbizi, ya chai, mandazi na maharagwe. Mimi nilikuwa mtoto wa kusifiwa mbele ya wageni. Yeye alikuwa mtoto wa kucheka naye. Tangu utotoni, nikiingia nyumbani nikawakuta yeye na Mama wanacheka, walinyamaza, wala si kwa ubaya. Ni kwamba nilikuwa na sura ya mtu anayekuja kuuliza kazi imefika wapi.

Kisima chake hakikuchimbwa kwa mashine yoyote. Wanaume wawili walishuka kwa jembe na ndoo karibu na ukingo wa laga, na siku ya nne wakafika kwenye maji. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Niliweka sauti ya juu ili Mama naye asikie.

"Dada, ni matamu," akasema. "Ukinywa, unasahau kuweka sukari kwa chai."

Mama aliichukua simu mkononi mwangu, akaulizia kimo cha kisima, na rangi ya mchanga waliotoa, na kama maji yanarudi haraka yakitekwa. Wakaongea kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda jikoni kusugua birika kwa ndimu na mchanga. Nilisugua hadi ngozi ya vidole ikachubuka, na magamba yakabaki mahali pake.

Baada ya wiki mbili Mama aliomba kwenda kumwona mdogo wangu. Alisema ni wiki moja tu. Nilimfungia nguo na kumpeleka hadi stendi, nikamwambia nitamfuata Jumamosi inayofuata. Jumamosi ilipofika akasema kwenye simu kwamba miguu inamuuma, ngoja kidogo. Kisha kuna jirani amejifungua. Kisha kuna vumbi sana barabarani. Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Siku moja mdogo wangu alinitumia picha: Mama ameketi mlangoni pa hoteli, miguu ameinyoosha, kikombe mkononi. Niliivuta picha kwa vidole ili nione mikono yake. Bangili zilikuwa zinang'aa njano.

Niliifuta ile picha. Kesho yake nikamwomba mdogo wangu anitumie tena, nikamwambia simu imeipoteza.

Kisha mwalimu mwenzangu alipita Kakuma akitokea kwenye mazishi, akanywa chai pale. Jumatatu katika chumba cha walimu hakuwa na habari nyingine. Alieleza ile chai kama mtu anayeeleza harusi. Akanigeukia akasema, "Kumbe mama yako yuko kule siku hizi? Amenawiri." Nilisema ndiyo, yuko likizo. Neno hilo, amenawiri, lilikaa nami wiki nzima. Nilikuwa nasahihisha madaftari na nalisikia. Nilikuwa naoga kwa maji yanayonuka na nalisikia. Kwangu alikuwa na kitanda kizuri, godoro jipya, na chandarua. Kwa mdogo wangu alilala chumba kimoja na magunia ya unga.

Nikaamua kwamba shida ni maji, na maji yanaweza kutengenezwa. Nilikwenda kwenye maabara ya maji mjini, nikamkuta mtaalamu, msichana mwenye miwani, mpole, asiye na haraka. Nilimweleza kila kitu: harufu, sabuni, birika, bangili. Alisema inaonekana ni salfa pamoja na chokaa nyingi, lakini asingependa kubahatisha, nilete maji apime. Akanipa chupa safi iliyofungwa. Nikamwomba ya pili.

"Ya nani?" akauliza.

"Ya nyumba ya mdogo wangu."

Alinisifu kwa kumjali ndugu yangu. Nilipokea sifa hiyo nikaiweka kwenye mkoba pamoja na chupa.

Nilikwenda Kakuma Jumamosi. Mdogo wangu alinikumbatia huku mikono ina unga. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi na mwanamke Msomali, jirani mwenye duka la nguo, wakiongea Kiswahili cha maneno kumi na kucheka sana. Aliponiona akanyoosha mkono na kunisalimu, "Ejok," na mimi nikamjibu, "Ejok-noi," halafu akaendelea na hadithi aliyokuwa ameianza. Nililetewa chai. Nilitaka iwe na kasoro. Nilikunywa polepole nikiitafuta, kwenye utando, kwenye rangi, kwenye ule mwisho unaobaki kooni. Haikuwa nayo. Niliongezewa kikombe cha pili kabla sijaomba, nikakinywa chote.

Alasiri mdogo wangu aliniambia nivue kitambaa anioshe nywele. Tulikaa karibu na kisima, mimi kwenye kigoda, kichwa nimekiinamisha, naye akateka maji na kunimwagia. Povu lilishuka hadi shingoni. Sikuwa nimeona povu kichwani mwangu kwa mwaka mzima. Vidole vyake vilipita katikati ya nywele vikakwama, vikapita tena.

"Dada, nywele zimekuwa ngumu," akasema. "Pole."

Ile pole ndiyo iliyonimaliza. Angejivuna ningemvumilia. Lakini alinihurumia, yeye wa magunia ya unga, mimi wa sakafu ya simiti, na nilihisi machozi ya hasira yanachanganyika na povu, nikashukuru kwamba uso ulikuwa chini.

Nikiwa nimeinama hivyo ndipo nilipoona. Kifuniko cha kisima kilikuwa mbao mbili zilizoachana. Mbuzi wawili walikuwa wakinywa maji yaliyomwagika kwenye mdomo wa kisima, na kwato zao zilikuwa zinasukuma matope kurudi ndani. Na juu kidogo, mahali ardhi inapoinuka, hatua chache tu, kulikuwa na choo cha shimo cha jirani.

Nilifurahi. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuogopa, sikumkumbuka Mama aliyekuwa akiyanywa maji hayo mabichi kwa kikombe, kwa fahari, kila alipohisi kiu. Nilifurahi kama mtu aliyeona kitu alichokuwa amepoteza.

Jumapili kabla ya kuondoka nilimwambia mdogo wangu nataka maji yake kidogo, nikayapime pamoja na yangu, nijue yangu yamepungukiwa nini. Hakuuliza chochote. Aliteka mwenyewe akanijazia chupa, akaipangusa kwa khanga yake.

Mtaalamu alipokea chupa zote mbili Jumatatu na kuniambia nirudi Jumatano. Jumatano baada ya shule alinikalisha akanisomea. Maji yangu yalikuwa na salfa nyingi, na chokaa ya kutosha kuziba bomba, lakini hayakuwa na mdudu hata mmoja. Ya mdogo wangu yalikuwa laini, matamu, na yalikuwa na vijidudu vya choo.

"Mpigie leo," akasema. "Wachemshe kila tone la kunywa, na kisima kitiwe dawa. Usingoje."

Nilisema sawa. Alikunja karatasi ya majibu, nikaitia kwenye mkoba, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua la saa kumi. Simu ilikuwa mkononi. Namba yake ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye orodha.

Sikupiga. Nilijiambia kwamba habari kama hiyo haisemwi kwa simu, italeta wasiwasi, afadhali niende mwenyewe Jumamosi nieleze vizuri. Nilijiambia kwamba chai huchemshwa hata hivyo. Ukweli ni kwamba nilitaka kuiona sura yake akisoma. Nilitaka Mama awepo, asikie kwamba maji yangu yananuka lakini ni salama. Nilikuwa tayari nimeyapanga maneno, na nilikuwa nimepanga kuyasema kwa upole. Siku tatu zile niliishi vizuri. Nilifundisha vizuri. Nilipiga pasi gauni langu la buluu. Hata ile harufu ya bafuni haikunisumbua.

Alhamisi jioni mdogo wangu alinipigia kunisalimu, akanipa Mama. Mama akasema ni mzima, joto ni kali, anakunywa maji sana. Nilisikia vizuri alichosema. Nilimwambia nitakuja Jumamosi, nikamtakia usiku mwema.

Jumamosi nilifika Kakuma kabla ya saa sita. Hoteli ilikuwa imefungwa na benchi limeingizwa ndani. Yule jirani Msomali alitoka dukani kwake akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama mzee mgonjwa," akasema. "Jana asubuhi tapika, tumbo inaenda sana. Dada yako amepeleka hospitali."

Nilimkuta Mama amelala ubavu, dripu imetundikwa, midomo imepasuka. Alikuwa amepungua zaidi kwa siku mbili kuliko nilivyomwona akipungua kwa miaka. Bangili zilikuwa zimetolewa ili wapate mshipa, zimefungwa kwenye leso kando ya kichwa chake. Alifumbua macho akaniona, akayafumba tena. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, bado amevaa aproni ya hoteli. Alisimama haraka nilipoingia, kama mwanafunzi.

"Nilitaka kukupigia jana," akasema. "Nikaogopa. Nikajua utasema sijui kumtunza."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Muuguzi alipita, akasema Mama amepokea maji mengi na sasa anatulia, leo ni afadhali kuliko jana. Akauliza nyumbani wanatumia maji gani. Mdogo wangu akaanza kumweleza kuhusu kisima chake, kwamba ni kizuri, watu wote wanateka pale, na nikaona kwamba hana shaka hata kidogo. Alikuwa anakitetea. Nikafungua mkoba nikatoa ile karatasi, nikampa.

Maneno niliyoyapanga hayakuwepo. Nilisema tu, "Soma."

Alisoma polepole, midomo ikitembea, kama alivyokuwa akisoma utotoni nikimsimamia. Alifika mwisho, akarudi juu. Kidole chake kikasimama kwenye kona, palipoandikwa tarehe.

"Hii ni ya Jumatano."

"Ndiyo."

"Alhamisi tuliongea."

"Ndiyo."

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, karibu kwa kunisihi, "Ulikuwa na shughuli nyingi shuleni?"

Alikuwa ananipa njia ya kutokea. Ningeweza kusema ndiyo, mitihani, na tungeliacha hapo na angejilazimisha kuniamini. Nilimtazama Mama, nikasema, "Hapana. Nilitaka kukuletea mwenyewe. Nilitaka nikuone ukisoma."

Alielewa mara moja. Hakunipigia kelele. Aliikunja karatasi ikawa ndogo sana, akampa muuguzi aliyekuwa bado amesimama pale, akamweleza vizuri kwamba ni majibu ya maji ya nyumbani. Kisha akachukua birika dogo la uji akatoka nje. Aliporudi alisema jambo moja tu: "Mama asijue." Kwa siku mbili zilizofuata tulibadilishana zamu kitandani bila kuongea zaidi ya tulivyolazimika.

Nilimuuliza muuguzi, tukiwa peke yetu, kama ningepiga simu Jumatano Mama angeugua. Akasema hawezi kujua; pengine vijidudu vilikuwa tayari tumboni. Nimejaribu kulichukua jibu hilo kama msamaha. Wakati mwingine linafaa, wakati mwingine halifai.

Mama aliruhusiwa Jumatatu. Alikuwa dhaifu lakini anaongea, na jambo la kwanza alilouliza ni nani amefungua hoteli. Kisima kilitiwa dawa. Mdogo wangu alikijengea ukuta wa simiti na kifuniko cha chuma chenye kufuli, na yule jirani wa choo, baada ya maneno mengi na wazee kukaa, alikihamisha choo kwenda upande wa chini. Wote wakaanza kuchemsha maji ya kunywa. Mimi nilirudi Lodwar na madaftari yangu. Mdogo wangu hakupokea tena simu zangu. Nikitaka kumsikia Mama nilipiga kwa jirani wa duka la nguo, naye akatembea na simu hadi hotelini, na nikasikia mdogo wangu akisema kwa mbali, "Mpe Mama."

Ilikuwa hivyo karibu miezi miwili. Na hapa ndipo nilipojifunza kwamba wivu haujali una haki gani. Nilikuwa nimekosa, nilijua nimekosa, na bado nikisikia vicheko vya wateja nyuma ya sauti ya Mama nilihisi kile kitu kilekile kikipanda.

Asubuhi moja ya likizo mtu aligonga lango. Alikuwa mwanamume mfupi, Mkongo, mfuko wa vifaa begani, na kwenye bodaboda iliyomleta kulikuwa na mabeseni matatu makubwa ya bati yamefungwa kwa kamba. Alisema ni fundi kutoka kambini, ametumwa na mdogo wangu, na kwamba ameambiwa asirudi kabla harufu haijatoka. Nilimpa kikombe cha maji yangu. Aliyanusa, akayazungusha, akayamwaga kutoka kikombe kimoja hadi kingine mara nyingi, kutoka juu sana, kisha akanipa ninuse. Harufu ilikuwa imepungua nusu.

"Mama mwalimu, hii mayi haina kosa," akasema. "Inataka kupumua tu."

Alifanya kazi siku mbili. Alichomelea fremu ya vyuma ndefu kuliko mtu, akatoboa mabeseni kwa msumari matundu mengi madogo, akayapanga moja juu ya jingine na nafasi katikati. Kwenye beseni la juu aliweka kokoto, la kati mkaa uliooshwa, la chini kokoto tena. Maji kutoka kwenye pampu yalianguka kutoka beseni hadi beseni kama manyunyu, upepo wa Lodwar ukapita katikati yake na kuichukua ile harufu, na chini yakaingia kwenye tangi lililofunikwa wavu. Jirani wa upande wa pili alilalamika siku ya kwanza kwamba sasa ananusa yeye. Siku ya tatu hakunusa tena.

Nilimpelekea mtaalamu wa maabara chupa nyingine. Akasema salfa karibu yote imeondoka, lakini chokaa imebaki, mabeseni hayawezi kuigusa. Akanifundisha kuchemsha maji ya chai mapema, kuyaacha yatulie, na kumimina ya juu tu, ule weupe wa chokaa ubaki chini. Kwa nguo, nikaloweka jivu la kuni kwenye ndoo na kutumia maji yake, kama walivyofanya watu zamani. Povu si jingi, lakini lipo. Maharagwe yanaiva kabla ya mchana.

Jioni fundi alipomaliza nilipiga simu, na mdogo wangu akapokea mwenyewe.

"Yananuka bado?" akauliza.

"Karibu hayanuki."

"Vizuri. Bado nimekukasirikia, dada. Lakini Mama kila siku alikuwa ananiambia vile mashuka yako yanakwaruza. Nikachoka kusikia."

Nilimwambia asante. Nilimwambia pia samahani, ambayo sikuwa nimeisema hospitalini. Alisema amesikia. Sikumwambia kwamba niliposimama chini ya yale mabeseni na maji yakianguka bila harufu, kabla ya kushukuru nilifikiri: hata hili limetoka kwake.

Mama alikuja mwezi uliofuata. Mdogo wangu alimleta mwenyewe, akalala siku moja, akayakagua mabeseni kama mkaguzi wa shule. Nilipika chai mbele yao kwa maji yaliyotulia. Mama alikunywa vikombe viwili, akasema ni chai nzuri, na nikajua si heshima, kwa sababu aliomba cha tatu. Nilitandika mashuka laini. Nilifikiri imekwisha, amerudi.

Wiki ya tatu akaniambia anataka kwenda Kakuma.

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliweka kisu chini. "Mama, maji sasa ni mazuri," nikasema. "Umeyanywa mwenyewe."

"Ni mazuri," akasema. "Lakini mimi sikwenda kule kwa ajili ya maji."

Akanieleza bila kunilaumu. Kwangu, alisema, ninaondoka kabla jua halijapanda, watoto wako shule ya bweni, mume yuko Lokichar, na yeye anabaki na lango lililofungwa hadi saa kumi na moja. Anafagia ua ambao nimeufagia. Kule kwa mdogo wangu anakaa mlangoni, na watu wanapita wanamsalimu kwa lugha tano, na wengine wanakaa. Anachagua maharagwe. Anamsema mdogo wangu kwa kuweka chumvi nyingi. Siku inaisha bila yeye kuihesabu.

Nilimuuliza mbona hakuniambia mapema, wakati wote ule nilipokuwa napigana na birika. Alisema nilionekana kuwa na uhakika sana kwamba ni maji.

Jumamosi nilimpeleka stendi. Nilimkalisha dirishani, nikamwekea mtungi mdogo wa maji yangu, yaliyochemshwa na kutulia, akanywe njiani. Sasa huja kwangu shule zikifungwa, ninapokuwa nyumbani mchana, na hukaa wiki mbili au tatu. Zilizobaki ni za mdogo wangu. Nampigia Mama kila jioni nikishamaliza kusahihisha. Mara nyingi mdogo wangu anapokea na nawasikia wako katikati ya kucheka kitu, na bado kinanichoma, hapa chini ya mbavu, kila mara. Huwa nangoja wamalize kucheka, kisha nauliza wamekula nini.